Begonia rex kulegea Dar: shika chungu kabla hujashika kopo la maji

Mkuu, umesema begonia rex (mmea wa chunguni unaopendwa kwa rangi za majani yake) uliyoitoa Lushoto ina wiki ya tatu Dar, majani ya chini yamelegea, kingo zimekuwa kahawia, na unaimwagilia kila asubuhi. Leo usiimwagilie kabla hujapima. Jani la begonia hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile mizizi ikioza. Inua chungu: kikiwa chepesi, ni kiu, kikiwa kizito na jani limelala, ni uozo, na kila kopo unaloongeza linaimaliza.

Asili ya rex ni misitu ya Assam huko India, kwenye kivuli na mboji nyepesi. Shina lake nene hutambaa juu ya udongo mithili ya tangawizi, na mizizi yake ni mifupi. Kwa hiyo haitaki ndoo. Chungu cha upana wa sm 15 na kina cha sm 10 kinatosha, chenye matundu, na kisahani kisibaki na maji. Shina lenyewe lionekane juu, ukilifukia linaoza.

Wauza miche wengi hupanda kwenye udongo mwekundu na samadi. Huo ukimwagiliwa kila siku hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Changanya hivi: makopo 2 ya makumbi ya nazi yaliyosagwa (yaloweke na kuyasuuza mara tatu, mara nyingi yana chumvi), kopo 1 la mboji iliyoiva na kuchekechwa, kopo 1 la pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi, zisifike kuwa majivu, na nusu kopo la chenga za mkaa ukubwa wa punje ya mahindi. Mchanga wa baharini usiuguse.

Kuiokoa ikiwa ni uozo: itoe chunguni, suuza mizizi, kata kila kilicho laini na cheusi. Endelea kukata shina mpaka nyama yake iwe ngumu na safi. Doa dogo la kahawia ukiliacha, uozo unaendelea. Paka unga wa mkaa kwenye kidonda, iache kivulini saa mbili tatu, kisha panda kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo tu. Siku tatu bila maji. Punguza majani yabaki mawili au matatu, maana mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha yote. Mbolea isubiri mizizi mipya na majani mapya. Hapo NPK 20-20-20, nusu gramu kwa lita, kila wiki mbili.

Baada ya hapo mwagilia kidole kikikuta pamekauka sm 2 za juu, usihesabu siku. Mwaga pembeni, si juu ya shina.

Kingo za kahawia ni kesi nyingine. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, sababu inaweza kuwa hiyo chumvi. Kinga maji ya mvua utumie hayo. Kama chungu kiko mkabala na kiyoyozi, kihamishe. Ule ushauri wa kupulizia majani maji kila siku umeandikwa kwa nyumba za Ulaya zenye hita. Hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha, na kuizidishia unyevu pasipo upepo huleta ubwiri unga, ule ukungu mweupe kwenye majani. Ukiuona, kata jani na uupe mmea nafasi ya hewa.

Mwanga: dirisha la mashariki, jua la kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili na nusu linatosha. Jua la mchana huichoma rangi. Ikiwa rangi za jani zinafifia na vikonyo vinarefuka, giza limezidi.

Kabla hujaanza kukata shina, weka akiba. Chukua jani moja zima, ligeuze, kata mishipa mikubwa mahali 4 au 5 kwa wembe safi, kisha lilaze upande wenye makato ukiwa chini juu ya makumbi yenye unyevu na ulikandamize kwa vijiwe. Funika kwa mfuko angavu, weka kivulini. Mizizi huanza wiki ya tatu au ya nne. Vichipukizi hufuata kwenye yale makato. Mfuko usiuondoe ghafla: fungua kidogo kila siku kwa wiki nzima, la sivyo vinanyauka kwa siku moja.