Kizazi cha tatu naingia ngomani

Mmetuuliza wiki hii: "Unaujua ukoo wako hadi kizazi cha ngapi, na wanao watajifunzia wapi?" Nusu ya pili siiwezi. Ya kwanza: naujua hadi cha pili. Cha tatu naingia ngomani.

Nimechoshwa na wanaosema sisi wa mjini tumetupa koo zetu. Ukoo wa mkulima unaweza kuutupa maana uko mahali: kuna kaya, kuna minyaa, kuna makaburi nyuma ya zizi. Wa mtu wa ngoma utautupa ukiutoa wapi?

Babu yangu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma, walikuwa wanakutana uwanja mmoja, wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana mtu alikuja na chatu shingoni, mwingine na majembe ya kurusha juu, na dawa hazikukosekana. (Mnaoiona Bulabo, ile sikukuu ya ngoma pale Bujora karibu na Mwanza, mkadhani ndiyo yote, shauri yenu.) Msimu mzima manju yuko njiani, Magu, Maswa, Kwimba, na watu wanamjua kwa jina la ngoma. Babu aliitwa Garimoshi. Kwenye stakabadhi ya kodi hakuna Garimoshi.

Mwaka 2016 nilimsindikiza shangazi hadi Kwimba, tukashuka kwenye basi Ngudu na kumalizia kwa bodaboda mbili. Alikuwa na stakabadhi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, ndani ya kanga. Tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe. Shangazi akampa karatasi kwa mikono miwili. Mzee hakuitazama. Akauliza: "Mgika au Mgalu?"

Shangazi hakujua. Ukoo tuliujua, dhehebu tulilijua, hilo hapana. Tukakaa. Kuku wakapita. Mwisho shangazi akasema mama yake alikuwa na wimbo wa kupepetea mtama, akauimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Mzee akaanza kucheka, akaumalizia ubeti wa pili, ambao bibi hakuwahi kuuimba mbele ya watoto, na mimi siuandiki hapa. "Huu mlitutungia sisi," akasema. "Huyo jamaa alikuja na chatu, uwanja wote ukahamia kwake. Manju wetu akabaki anawaimbia mbwa."

Yaani mtu aliyekuwa na babu yetu kichwani kwa miaka zaidi ya hamsini ni aliyeshindwa naye.

Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole kaya ambazo Garimoshi alikuwa akilala. Akataja kijiji, na jina la mwanamke. Kijiji cha pili, jina jingine. Kaya zenyewe hazipo tena, zilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, lakini majina anayo. Alipoinua kidole cha nne shangazi akamkatiza: "Inatosha, baba. Nimekuja kumtafuta baba yangu, sikuja kutafuta ndugu." Mzee akakishusha kidole. Tukaletewa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, shangazi akala yote, akashukuru, tukaondoka kabla jua halijageuka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ukoo wa mtu wa ngoma haufuatiliki, tuacheni. Sasa naona sivyo. Ndugu zetu wa damu walikuwa na karatasi. Mpinzani alikuwa na wimbo, chatu, vijiji na majina ya wanawake. Kwa hiyo kama babu yako alikuwa mtu wa kuzunguka, usianze kwa wajomba, anza kwa waliomchukia. Hii nasema kwa Bagika na Bagalu tu. Kama babu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe minadani huenda waliomchukia wana sababu nyingine, na usiende peke yako.

Na kama shangazi alifanya vizuri kumkatiza yule mzee? Siku ile nilisema ndiyo, ni haki yake, aibu ni ya mama yake. Nilishikilia hivyo hadi Krismasi iliyopita, tunachambua mchele, akaniuliza bila kuinua uso: "Hivi kile kidole cha nne, unadhani kilikuwa kijiji gani?"