Harusini tunaitwa, hotelini hatujibiwi

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mpigaji udi wa Wete, Pemba. Kikundi chetu cha taarabu kina watu watano: udi, fidla, kodiani, dumbaki na mwimbaji mmoja wa kike. Harusini tunaitwa sana, lakini tangu mwaka jana tumepeleka barua pamoja na wimbo mmoja tuliorekodi studio kwa hoteli zaidi ya kumi za Unguja, na hakuna hata moja iliyojibu. Tumekosea wapi? Na je, tamasha la Sauti za Busara linaweza kutuchukua?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Wimbo mliotuletea pamoja na barua nimeusikiliza mara tatu, na nafikiri tatizo limo humo. Utunzi ni mzuri sana, lakini udi wako unasikika kwa sekunde chache mwanzoni tu, kisha unamezwa na kinanda cha studio, na sauti ya mwimbaji imetiwa mwangwi mwingi hata mtu hajui kama anaimba mmoja au wanaimba watatu. Mwenye hoteli anayetaka muziki wa saa mbili wakati wageni wake wanakula hawezi kukisia kutokana na wimbo huo mtakavyosikika pale, na asichoweza kukikisia hatokilipia.

Jirekodini mkipiga wenyewe. Kaeni barazani mchana penye mwanga, simu iwekwe juu ya kiti hatua nne hivi kutoka mlipo, feni izimwe kwa sababu upepo wake huingia katika sauti, kisha mpige bashrafu moja, yaani kipande cha ala tupu bila ya kuimba, na wimbo mmoja mfululizo bila ya kukata. Nasisitiza bashrafu kwa kuwa harusini watu huja kusikia maneno na kutunza, ilhali mgeni asiyejua Kiswahili, aliye mezani na mwenziwe, hufurahia zaidi ala zikizungumza taratibu. Video hiyo iandamane na ukurasa mmoja unaoeleza idadi yenu, ala zenu, muda mnaoweza kupiga bila ya kurudia wimbo, vipaza sauti mnavyohitaji na bei yenu, nauli ya boti ikitajwa mbali.

Wakati nao una sehemu yake. Barua iliyofika wakati wa Masika huenda ilikuta hoteli imefungwa au imepunguza wafanyakazi, kwa hiyo pelekeni maombi Juni, Masika yakishamalizika, au Oktoba kwa ajili ya Disemba na Januari. Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, msiuhesabu kabisa katika mipango ya kipato.

Kuhusu Sauti za Busara, tamasha hilo limekuwa likifanyika Mji Mkongwe tangu 2004, kwa kawaida mwezi wa Februari, na jukwaa lake linalojulikana zaidi ni la Ngome Kongwe. Linataka muziki unaopigwa moja kwa moja, na hilo ni jambo la heri kwenu, kwani vijana wengi wanaoimba juu ya muziki uliorekodiwa hawana mlichonacho nyinyi. Maombi hupelekwa miezi mingi kabla, na video ile ile ya barazani itawafaa. Hakikisheni pia kwamba kikundi kimesajiliwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Mkishajibiwa, tafadhali msisafiri kwa ahadi ya mdomo. Miaka ya nyuma nilikuwa nikipiga fidla, na hoteli moja ya pwani ya mashariki ilituita watu sita kwa simu. Tulipofika na ala zetu wakati wa magharibi tukaambiwa kwamba meneja aliyetuita ameshaacha kazi na mwenziwe hana habari nasi. Tulirudi mjini kwa gari ya kukodi tuliyoilipa wenyewe, na mpiga ganuni wetu, mtu mzima kuliko sote, hakutamka neno njia nzima. Nyinyi mnavuka bahari, kwa hiyo hasara yenu itakuwa kubwa zaidi. Ombeni mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, utakaotaja tarehe, saa, malipo, chakula na mahali pa kulala, na msikate tiketi ya boti kabla ya kupokea arubuni isiyopungua nauli yenu ya kwenda na kurudi.