"Gari ya mbele": injini au magurudumu?

SWALI: Nanunua magari yaliyotumika. Fundi akiniambia "hii ni gari ya mbele", sielewi kama injini ndiyo iko mbele au magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Tangazo moja limeandika "uendeshaji wa gurudumu la mbele". Kipi ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Hayo ni mambo mawili, na "gari ya mbele" inayafunga katika fungu moja. Mahali ilipokaa injini hapakuambii inazungusha magurudumu gani. Toyota Mark II ina injini mbele, lakini nguvu hupita kwenye propela shafti (bomba refu linalozunguka chini ya gari) hadi difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Hiace nyingi za abiria zina injini chini ya viti vya mbele, na magurudumu yanayozungushwa ni ya nyuma. Vitz injini yake iko mbele, imelazwa kwa upana wa gari, na inazungusha ya mbele. Bajaji? Kila kitu nyuma.

"Uendeshaji wa gurudumu la mbele" ni tafsiri ya kamusi tu. Anayeendesha gari ni dereva, kwa hiyo msomaji atafikiria usukani. Injini *huzungusha* magurudumu.

Mafundi wamechagua "kuvuta", na wamechagua vizuri, ila neno hilo lina kazi nyingi gereji. "Gari halivuti" ni kukosa nguvu. "Linavuta kushoto" ni kwenda upande, pengine kwa sababu ya upepo wa tairi au alaimenti (jinsi magurudumu yalivyonyooshwa). Ndiyo maana napendekeza usiache "kwa": *linavuta kwa mbele*, *linavuta kwa nyuma*. Ukisema "linavuta nyuma" peke yake, mtu anaweza kudhani linarudi. Wapo wanaosema la nyuma "linasukuma"; kimantiki wako sawa, maana magurudumu ya nyuma husukuma bodi, lakini gereji utawasikia wachache. Na tafadhali usiandike "gari la kuvutia kwa mbele", utakuwa umelisifia sura.

Ukitaka kuhakikisha, chungulia chini. Ukiona bomba refu la chuma linalozunguka kutoka giaboksi hadi difu kwenye ekseli ya nyuma, linavuta kwa nyuma. Ukiona shafti mbili fupi zinazoingia magurudumu ya mbele, zenye mifuko ya mpira iliyojaa grisi, linavuta kwa mbele. Ukiona vyote viwili, ni fowili, yaani injini huzungusha magurudumu yote manne. Mfuko huo ukichanika grisi hutoka, vumbi huingia, na ukikata kona kali utasikia ka-ka-ka.

Utata huu huleta hasara gari linapokokotwa. Gari la otomatiki linalovuta kwa mbele, likikokotwa magurudumu ya mbele yakiwa chini, giaboksi huzunguka huku injini imezimwa. Pampu ya oili yake haifanyi kazi, na vyuma husagana vikavu. Linalovuta kwa nyuma ndilo huinuliwa nyuma, au hufunguliwa propela shafti kwanza. Kwa hiyo mwambie dereva wa gari la kukokotea sentensi nzima: "Injini iko mbele, linavuta kwa nyuma." Ukitaka sarufi sanifu, sema "gari hili linavuta", ukisema "gari hii inavuta" fundi atakuelewa vilevile, ila usichanganye "gari hii linavuta".