Pima kwanza, paneli kubwa baadaye

Juzi kijana mmoja wa Malindi kaniandikia: "Kaka, paneli yangu ya sola ya wati 10 haitoshi, mradi unazima usiku wa manane. Ninunue ya 50?" Nililisoma swali lile nikasikia sauti ya mjomba wangu.

Mwaka juzi nilimtengenezea mama, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, kifaa cha tangi la maji. Kihisi cha mawimbi ya sauti kinatazama maji yamefika wapi, ubao wa ESP32, yaani kompyuta ndogo, unaamua, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, inawasha pampu ya kisima. Umeme wa kifaa chenyewe ni paneli ya wati 10 juu ya sutuhi, paa letu bapa, na betri ya volti 12, ampea-saa 7 (ndiyo akiba ya umeme inayobeba). Jinsi nilivyojifunza kuuunga ni habari ndefu ya vidole kuungua, niiache. Nilikifunga Alhamisi. Wiki nzima tangi halikukauka, nami wiki nzima sikunyamaza. Hata barazani wazee walijua ESP32 ni nini.

Ijumaa ya pili ilikuwa arusi ya dada yangu. Mama alitaka pampu iwashwe kwa mkono kama zamani. Nikakataa, nikamwambia mambo ya swichi yamepitwa na wakati. Saa kumi na moja alfajiri wapishi wamefungua bomba, hakuna tone. Mchele umelowekwa, masufuria ya pilau yanangoja, kifaa kimekufa. Tukakodi punda wawili walete madumu ya maji. Mjomba akasimama mlangoni na birika tupu mkononi, mbele ya wakwe: "Injinia, maji ya kutawadha yako wapi?"

Mpaka leo wananiita Injinia, na si kwa heshima.

Kosa langu la kwanza nililitupia paneli, kama kijana wangu huyu. Nilikuwa nishaanza kukopa pesa za kununua kubwa, ndipo fundi redio mmoja akaniazima mita ya kupimia umeme. Nikapima, nikaona haya. Kifaa kilikuwa kinakula miliampea 110 usiku na mchana, yaani kama ampea-saa 2.6 kwa siku. Paneli yangu, jua likiwa kali, inatoa karibu ampea 0.55. Lakini paa la makuti la jirani linaitia kivuli baada ya saa saba, na kabla ya saa tatu jua liko chini. Saa nne tu za maana: ampea-saa 2.2. Kila siku betri inakopa 0.4. Betri ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo deni lilijaa siku ya nane. Siku ya arusi!

Na huo mlo ulikuwa wa ulafi. Nilitumia 7805 kushusha volti 12 kuwa 5, na kidude hicho hugeuza zile volti 7 zinazobaki kuwa joto. Zaidi ya nusu ya jua langu lilikuwa linapasha hewa moto. Nikaweka moduli ya LM2596, inayoshusha volti bila kupoteza nyingi kwa joto, ulaji ukashuka karibu nusu. Kisha nikaufundisha ubao kulala: unaamka kila dakika 15, unatazama tangi, unalala tena, isipokuwa pampu ikiwa inavuta. Wi-Fi ya ubao ikakatwa, maana nani alikuwa anaitazama? Paneli ni ileile ya wati 10.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pimeni. Pimeni mlo wa kifaa, kisha mhesabu jua lenu la kweli juu ya paa lenu, si la karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha paneli nzima, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo. Hapa Lamu tuko karibu na ikweta, basi ilaze, uiinamishe kidogo tu ili mvua iisafishe. Chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru futa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila Ijumaa. Weka fyuzi karibu na betri. Na pima. Vijana wa siku hizi tunapenda kununua, mita ya bei ya sahani mbili za biriani tunaiona ghali. Kiburi ndicho kinachotumaliza, nasema kwa sababu kilinimaliza mimi.

Haya yote nilimwandikia kijana wangu jana usiku. Asubuhi akanijibu na picha: ameshainunua ya wati 50, imeegemezwa chini ya mwembe.