Mume anasema atanitangulia mahakamani

Shangazi, shikamoo. Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa, watoto wawili, na nyumba iliyoandikwa jina la mume wangu. Tumeshindwana. Sasa ananitishia kwamba atanitangulia mahakamani. Jirani anasema anayewahi ndiye anayepewa nyumba, na mama mkwe anasema mwanamke akidai talaka hapati hata kijiko. Niwahi?
Mama wawili, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole. Maneno hayo ya jirani na mama mkwe hayamo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Yananiuma, maana kuna wanawake wameacha jasho lao kwa kuyaamini.

Mali ikigawanywa, mahakama hutazama mchango wa kila mmoja, awe ndiye aliyefungua shauri au aliyeitwa. Na mchango si mshahara peke yake. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa. Watoto huamuliwa kwa ustawi wao.

Tena hawezi kuamka tu akafungua. Kwa kawaida lazima mpite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na likishindwa kuwapatanisha litoe hati. Hati hiyo isiwe imepita miezi sita siku ya kufungua shauri. Ukiitwa barazani, nenda.

Ninachokiogopa ni samansi, ile karatasi ya kuitwa mahakamani. Wapo wanaoichana kwa hasira, au wanaikalia wakidhani wakinyamaza hakuna talaka. Shauri linasikilizwa upande mmoja, na ya mwenzako ndiyo yanayoandikwa. Akitangulia, wewe jibu, hudhuria, na madai yako yote yaseme humo humo. Akichelewa na wewe umechoka, fungua, ila ujue anayefungua ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Kuhusu nyumba: mnayoishi kama mke na mume haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake peke yake. Ikiwa ina hati miliki, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio wiki hii. Hapo ndipo pa kuwahi. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na risiti za ujenzi vitolee nakala, uzihifadhi kwa ndugu unayemwamini.

Hukusema kama anakupiga. Kama anakupiga, anzia Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, leo.