Wasomaji Wanauliza: Namtafuta Babu Aliyefukuzwa Grand-Pré

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Bujumbura na nimeolewa hapa Moncton, Kanada, katika ukoo wa LeBlanc. Mama mkwe wangu husimulia kwamba chimbuko la marehemu mumewe ni mkulima Mwakadia (mzao wa walowezi Wafaransa) wa Grand-Pré, Nova Scotia, aliyeitwa Joseph, ambaye Waingereza walimfukuza mwaka 1755 na habari zake zikakatikia hapo. Ningependa kuwaandikia wanangu nasaba yao wakati bibi yao angali hai. Nimekusanya akina Joseph LeBlanc wengi mno, wala sijui yupi ni wetu. Nianzie wapi? (Mama Wawili, Moncton)

JIBU: Waweke kando akina Joseph hao kwanza, Mama Wawili. Kumshika mtu wa mwaka 1755 na kushuka naye hadi kwa mumeo ni njia inayowapoteza wengi, kwa sababu Waakadia walirudiarudia majina machache kila kizazi, na LeBlanc ndio uliokuwa ukoo mkubwa kuliko zote pale Grand-Pré. Anzia kwa walio hai, kisha upande juu kizazi kwa kizazi, na katika kila kizazi utafute kumbukumbu ya ndoa kabla ya ile ya ubatizo. Padri aliyefungisha ndoa kwa kawaida aliandika wazazi wa pande zote mbili, na kila mama alitajwa kwa ukoo wa kwao, si wa mumewe. Joseph LeBlanc ni wengi, lakini Joseph ambaye mama yake ni wa akina Hébert na mkewe ni wa akina Landry atabaki mmoja au wawili tu.

Usiruke maneno yanayohusu ruhusa ya Kanisa. Jamii ile ilikuwa ndogo na watu walioana ndani kwa ndani, hivyo mara nyingi padri aliandika kwamba maharusi wameruhusiwa licha ya undugu wa damu wa daraja la tatu au la nne. Daraja la tatu, kwa hesabu ya Kanisa ya wakati huo, maana yake ni kwamba wote wawili ni vitukuu wa babu na bibi wamoja. Pale ambapo vitabu vya ubatizo vimepotea, mstari huo mmoja huweza kuunganisha vizazi vitatu, nami, kwa heshima zote kwa mama mkwe wako, huuamini kuliko masimulizi.

Ukifika karne ya 18, utakuta kwamba waliofukuza ndio walioandika. Baraza la Waingereza huko Halifax, chini ya mtawala wa koloni Charles Lawrence, liliamua tarehe 28 Julai 1755 kuwahamisha Waakadia, na tarehe 5 Septemba ofisa wa jeshi John Winslow aliwafungia wanaume na wavulana 418 ndani ya kanisa la Grand-Pré. Shajara yake ina orodha yao: jina la mtu, kijiji chake, idadi ya wanawe na binti zake, kisha maksai, ng'ombe, kondoo, nguruwe na farasi aliokuwa nao, mifugo ambayo tayari ilikuwa imetangazwa kuwa mali ya Mfalme. Hapo shika zaidi jina la kijiji, kwani ndilo litakalowatenganisha akina Joseph.

Vitabu vya parokia ya Grand-Pré, Saint-Charles-des-Mines, usivitafute Nova Scotia. Wahamishwa walivibeba, vikafika Louisiana, na vilivyosalia, vya kuanzia 1707 hadi 1748, vimo katika hifadhi ya Jimbo Katoliki la Baton Rouge. Kwa vizazi vya nyuma zaidi ipo sensa ya 1671, inayotaja mume, mke kwa ukoo wa kwao, watoto, mifugo na ukubwa wa shamba.

Kuhusu alikopelekwa, watu wa Grand-Pré walitawanywa katika makoloni ya Waingereza ya Massachusetts, Pennsylvania, Maryland na Virginia. Hifadhi ya Massachusetts ina majalada mawili ya madai ya gharama na maombi yao. Virginia iliwakataa, wakapelekwa Uingereza hadi 1763, kisha Ufaransa. Familia 78 zilipewa makazi katika kisiwa cha Belle-Île huko Ufaransa, na mwaka 1767 wakuu wa familia hizo waliapa na kutaja nasaba zao, pamoja na ndugu waliotupwa kwingine. Hata kama Joseph wenu hakufika huko, huenda kaka yake alimtaja.

Kuanzia 1764 waliruhusiwa kurudi, lakini mashamba yao yalikuwa yamekwisha kupewa walowezi wa New England, ndiyo maana wengi walianza upya upande wa New Brunswick. Katika nyaraka za Kiingereza mtafute pia kwa jina la White, tafsiri ya LeBlanc, ambalo baadhi ya akina LeBlanc waliandikwa nalo. Bahati nzuri, kituo cha utafiti wa Waakadia kimo katika Chuo Kikuu cha Moncton, mjini kwako. Nenda na tarehe na mahali pa ndoa ya mama mkwe wako, pamoja na majina ya wazazi wa marehemu mumewe.