Wadogo zangu mlioko vyuoni, wahamisheni watu wenu mapema

Mtu yeyote aliyesoma chuo Ujerumani kati ya 2006 na 2010 anaijua StudiVZ. Ulikuwa ukifika Leipzig na begi lako, hata chumba hujapata, wenzako wanakuuliza kama umeshajiunga. Mtandao huo wa wanafunzi ulianzishwa Berlin mwaka 2005 na Ehssan Dariani na Dennis Bemmann. Sura yake ilifanana mno na ya Facebook, ila penye bluu wao waliweka nyekundu. Facebook iliwashtaki mwaka 2008, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na kundi letu humo. Ndimo tulimopatia vyumba, baiskeli za bei nafuu, na habari za nani anakwenda Dar na ana nafasi ya kubeba kifurushi. Tukichoma nyama Clara-Zetkin-Park, picha zinapandishwa jioni ileile, kila sura na jina lake. Kwa mgeni aliye mbali na kwao, jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa.

Januari 2007 kampuni ya uchapishaji ya Holtzbrinck iliinunua StudiVZ kwa bei iliyotajwa kuwa yuro milioni 85 hivi. Ikaja SchülerVZ ya watoto wa shule, kisha meinVZ ya watu wengine wote, na kwa pamoja mitandao hiyo mitatu ikavuka wanachama milioni 15.

Kilichoiangusha, kwa mtazamo wangu, sisi wageni tulikiona kabla ya wenyeji. Dada yangu alikuwa Mwanza, niliosoma nao sekondari wametawanyika Dodoma na Nairobi, na hakuna aliyekuwa na haja ya mtandao wa Kijerumani. Wote walikuwa Facebook. Machi 2008 Facebook ikaleta toleo la Kijerumani, na Wajerumani waliowahi kusoma nje wakawa na sababu ileile ya kuhama: marafiki zao wa huko hawakuwa StudiVZ. StudiVZ ilijaribu kufungua matoleo ya Ufaransa, Italia, Uhispania na Poland, lakini hayakushika. Ndiyo maana nawaambia, mkitaka kujua mtandao unaelekea wapi, waangalieni wale wenye ndugu na marafiki ng'ambo ya mpaka. Hao ndio huondoka kwanza.

Tena msisubiri tangazo la kufungwa. StudiVZ ilizimwa tarehe 31 Machi 2022, lakini kundi letu lilikuwa limenyamaza miaka mingi nyuma. Mtu anauliza chumba, siku zinapita bila jibu. Mara aliyekuwa akipandisha picha kila wikiendi haonekani tena. Hapo ndipo mimi na mwenzangu mmoja tulipoanza kuandika orodha ya watu wetu, kundi likiwa bado lina uhai wa kutosha mtu kujibu ujumbe.

Kwenye orodha hiyo tuliomba jina kamili, barua pepe, na namba ya simu ya mzazi au ndugu aliyeko nyumbani. Hiyo ya mwisho wengi waliishangaa. Lakini laini ya Ujerumani hufa mtu akisharudi kwao, na barua pepe ya chuo hufungwa baada ya kuhitimu, ilhali namba ya mama mara nyingi haibadiliki. Mwenzetu mmoja alipofiwa na baba yake, sote tukiwa tumeshatawanyika, ni kwa namba hizo tulitafutana hadi mchango wa rambirambi ukamfikia kabla ya mazishi.

Picha nazo tulizishusha zote na kuzihifadhi kwenye diski mbili, moja kwangu, nyingine kwa mwenzangu. Majina ya waliomo tuliyaandika kwenye jina la faili lenyewe, kwa sababu picha ukiishusha, majina yaliyobandikwa juu yake hubaki kwenye mtandao.

Ninyi leo mna makundi ya WhatsApp ya darasa, ya hosteli, ya kwaya. Chagueni wasimamizi wawili au watatu, asibaki mmoja ambaye akibadili namba kundi linabaki yatima. Orodha iandikeni mwaka wa mwisho, kabla ya mahafali, wakati bado mnaonana kantini na mtu anaweza kukutajia namba ya mama yake papo hapo.